Mikono Niliyoongeza

Sanamu yangu ya kujaribia nguo ilifika Jinja
ndani ya robota la mitumba,
haina kichwa, haina mikono,
kiuno chake kama shingo ya chupa.
Miaka kumi na tisa nimeivisha magauni ya wanawake wa Walukuba,
na miaka kumi na tisa wanawake hao wamerudi
wakishika ubavu: Fundi, hapa panabana.
Nami, uzi mdomoni, bila haya:
Punguza chapati.

Aliyeanza kunisuta ni futikamba.
Naigaga wa saluni alikuwa akizunguka mtaa kwa mtaa
akitafuta wasiotafutwa,
wapite jukwaani Jumamosi
katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa kiwanda.
Akaniletea Nambozo, muuza malewa.
Nikazungusha futikamba nyongani.
Inchi sitini zikaisha.
Nyonga zilikuwa bado.
Nikakohoa, nikatafuta la kusema.
Yeye akabana kwa kidole pale namba zilipokoma:
“Anzia hapa tena, fundi.
Kilichoisha ni kitepe chako.
Mimi siishi.”

Usiku ule nikakusanya mabaki ya vitenge,
nikaifunga ile sanamu, tabaka juu ya tabaka,
mpaka ikapata matako ya kukalia.
Nikalala nikidhani nimeelimika.

Kisha akaja Drijaru.

Mbalanga ilimpanda kutoka vidoleni hadi mabegani,
nyeupe juu ya weusi wake,
kama maziwa yaliyomwagika kwenye meza ya mninga
na asiwepo aliyekimbilia kitambaa.
Alitaka gauni la njano.
“Njano ya kuiva,” alisema, “si ya kuumwa.”
Hakutaja mikono.

Mikono niliiongeza mimi.
Mirefu, ya lesi, hadi kwenye vifundo vya vidole,
lesi niliyoinunua kwa pesa zangu na sikumtoza.
Nilikuwa na jina la jambo hilo: huruma.
Lakini hata huruma ina upande wa ndani.
Igeuze uone nyuzi zilivyosokotana.

Siku ya kujaribu alisimama mbele ya kioo changu
chenye ufa kwenye kona.
Akatazama kwa muda
wa kumaliza kibobini kizima.
“Fundi, mikono hii ni ya nani?”
“Yako,” nikasema.
“Yangu ninayo.”

Akaomba mkasi.
Mkasi wangu haushikwi na mteja;
hata mke wangu huuomba kwa adabu.
Nikampa.
Hakukata kwa hasira. Alikata taratibu,
kama mtu anayemenya matoke ya wageni,
ganda likidondoka refu, zima,
kwenye sakafu yangu.

Sitasema kwamba ukumbi wote ulipiga makofi.
Jenereta ilikohoa, taa zikapepesa,
nasi tunaoishi kando ya bwawa la umeme
tukazomea giza kama kawaida.
Nambozo alipita, mbao za jukwaa zikaitika
kila hatua, naam, naam.
Drijaru alipotokea, safu ya nyuma ilicheka.
Kijana mmoja aliita jina ambalo siliandiki.
Mama mmoja alimfunika mwanawe macho,
mtoto akachungulia kati ya vidole.

Drijaru alifika mwisho wa zulia.
Akanyoosha mikono yote miwili
kama anayeanika shuka,
akangoja wamalize kutazama.

Walichoka wao kwanza.

Ile mikono ya lesi ingali dukani kwangu, msumarini.
Mmoja nimeukatakata, nachomekea sindano.
Wa pili nafutia mafuta ya cherehani.
Juzi mteja aliugusa, akausifu mshono,
akauliza ni wa nani.

Nikamwambia, wangu.